Wale hawakutani kutunga siri, wanakutana kuzivunja

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita nililisoma gazeti lako kibandani kwangu Kirumba, kati ya mteja wa kutoa elfu kumi na mteja wa kuuliza kama floti ipo. Ukurasa wa habari za nje, chini kabisa, jirani na mikeka ya mpira, mwandishi wako alituarifu kwamba mabingwa wa siri za kompyuta wamejifungia tena California kutunga siri mpya, akauliza mambo hayo yanamhusu nini mvuvi wa Mwanza. Swali lake ni halali. Lakini kujifungia si kweli, na kutunga siri ni nusu ya kweli. Nimefundisha hesabu miaka 31, Mhariri. Jibu lenye kosa likipita mbele yangu, mkono unatafuta kalamu nyekundu wenyewe.

Nijieleze kidogo, maana wakala wa fedha za simu anayezungumzia mikutano ya wasomi lazima aulizwe vyeti. Nilianza kazi Ukerewe, nikamalizia Ilemela, nikastaafu. Sasa nina kibanda hatua chache kutoka Mwaloni, mahali ambapo upepo ukigeuka noti zote zinanukia dagaa. Nikiwa Ukerewe, siku moja nafundisha namba tasa, kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, mtu tasa hazai. Hizi namba zinazaa nini?" Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Miaka mingi baadaye kijana huyo, sasa fundi wa kompyuta, alinikuta hapa kibandani na laptopu yake. Akanionyesha jinsi kuzidisha namba tasa mbili kubwa kulivyo rahisi, na jinsi kulichambua zao lake kurudi kwenye zile mbili kulivyo kazi ya kutoa jasho. Akaniambia kwamba tangu 1977 Rivest, Shamir na Adleman wamejenga juu ya ugumu huo kufuli la siri za kompyuta, liitwalo RSA kwa herufi za majina yao. "Zimezaa, Mwalimu," akasema. Tangu siku hiyo nimekuwa mfuatiliaji. Makala za wasomi wa kufuli hizi zimewekwa wazi kwenye ghala lao la mtandaoni tangu 2000, mtu anasoma bila kulipa shilingi, ukiacha bando.

Mkutano wenyewe unaitwa CRYPTO, wa elimu ya kufunga siri kwa hesabu na kuzijaribu kufuli zake. Ulianza 1981 katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, na umekuwa ukifanyika kila Agosti. Una ndugu wawili, Eurocrypt na Asiacrypt, na wote wako chini ya jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa fani hii, IACR. Sasa hilo la kujifungia. Miaka minne kabla ya mkutano wa kwanza, mfanyakazi mmoja wa shirika la ujasusi la Marekani, NSA, alikiandikia barua chama cha wahandisi cha IEEE, akionya kwamba kuijadili elimu hii hadharani kunaweza kuvunja sheria ya kusafirisha silaha nje. Maana yake, waliotaka mlango ufungwe walikuwa wenye dola. Wasomi ndio walioukataa ufunguo, wakaweka viti, wakaalika watu.

Utaratibu wao ungempendeza mwalimu yeyote. Makala inayoombewa nafasi husomwa na wachambuzi bila jina la mwandishi, kama karatasi ya mtihani wa taifa yenye namba tu. Ikipita, mwenyewe anasimama mbele ya wenzake kuieleza. Na hapo ndipo mwandishi wako alipopitwa: mtu hapati heshima pale kwa sababu kufuli lake ni zuri. Anaipata pale ambapo watu kumi wenye akili na wivu wamelishambulia miaka kadhaa wakashindwa. Anayelivunja anapata heshima ileile, pengine zaidi. Sisi wa Usukumani tunaijua desturi hii. Bagika na Bagalu, makundi yetu mawili ya ngoma, hawajui nani zaidi mpaka watoke uwanjani siku moja, ngoma kwa ngoma, na watu waamue kwa miguu yao wasogelee upande gani. Anayecheza chumbani kwake hana mshindani, ndiyo maana hajawahi kushindwa.

Acha nieleze tukio moja kwa kirefu, mengine nitayapitia mbiombio.

Kuna kitu kinaitwa heshi. Fikiria mashine ya kusaga ya mtaani: unaingiza mahindi, unatoka unga, na hakuna fundi wa kuurudisha unga uwe mahindi. Heshi ni mashine ya namna hiyo kwa maandishi. Uingize mkataba mzima au neno moja, inatoka alama fupi ya urefu uleule siku zote. Watu huitumia kama alama ya kidole gumba cha faili. Masharti yake ni kwamba mtu asiweze kutengeneza mafaili mawili tofauti yenye alama moja. Mashine iliyotumika karibu kila mahali miaka ya tisini iliitwa MD5, ya mwaka 1991. Agosti 2004, katika kikao cha jioni cha CRYPTO, kile cha hotuba za dakika chache ambacho nusu yake huwa utani, alisimama mama mmoja kutoka Chuo Kikuu cha Shandong, China, Xiaoyun Wang. Akaonyesha jozi za maandishi tofauti zenye alama moja ya MD5. Ukumbi ulisimama kumpigia makofi. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi na bado nywele za mkono zinasimama: watu waliokuwa wakiitegemea mashine ile wanamshangilia aliyewaonyesha kwamba imekufa.

Mwaka uliofuata yeye na wenzake wakaleta CRYPTO njia ya kuishambulia SHA-1, mashine kubwa zaidi. Je, ulimwengu ulisikia? Kwa kuburura miguu. Mwishoni mwa 2008 kundi la watafiti lilichukua mashine 200 za gemu za PlayStation 3, zilezile ambazo vijana wa mtaa wangu wanalipia kucheza mpira, wakazitumia kutengeneza cheti bandia ambacho kingeweza kumfanya mtu aonekane mtandaoni kuwa ni benki yoyote apendayo. Walitumia udhaifu wa MD5, miaka minne baada ya makofi ya Santa Barbara. Makala yao ilisomwa CRYPTO 2009. SHA-1 nayo ilisubiri hadi 2017 ndipo mafaili mawili ya PDF yenye alama moja yakawekwa mezani. Ushawishi wa mkutano huu uko hivyo: unasema leo, wenye mifumo wanasikia baada ya miaka mitano au kumi, na kati ya hapo wezi wanajisomea.

Sasa mvuvi wa Mwanza. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya usimamizi ya chama kimoja cha kuweka na kukopa, jina nalimeza. Wanachama wake wengi ni wachuuzi wa samaki, mama lishe na wastaafu kama mimi. Wakati wa ukaguzi nilipewa karatasi zilizochapwa kutoka kwenye mfumo wa kompyuta wa chama, na safu moja ilijaa maneno yasiyosomeka, kila moja na herufi na tarakimu 32. Mtu mwingine angeona takataka. Mimi niliona nywila za watumiaji zilizosagwa kwa MD5. Nikachukua mstari wa mhasibu, nikauandika kwenye simu yangu mahali pa kutafutia, na kabla chai haijapoa nikapata nywila yake: jina la mji wetu na mwaka.

Mwanafunzi makini atanisahihisha hapa, kwa hiyo nijisahihishe mwenyewe. Kosa la chama kile halikuwa lile la mama Wang. Yeye alitengeneza unga unaofanana kutoka kwenye magunia mawili tofauti. Tatizo la chama lilikuwa la kizembe zaidi: mashine ile inasaga haraka mno, kwa hiyo watu walishasaga mamilioni ya maneno ya kawaida na kuorodhesha unga wa kila neno, na fundi wa chama hakuwa ameongeza kitu cha kubadilisha ladha kwa kila mtumiaji. Wenyewe kitu hicho wanakiita chumvi, kabisa, chumvi. Dagaa wasiotiwa chumvi unajua mwisho wao.

Niliandika ukurasa mmoja, nikaupeleka kwa kiongozi wa chama. Aliusoma akiwa amesimama. Akaniambia, "Mwalimu, mambo ya ndani hayasemwi nje." Nikamjibu kwamba nimeyasema ndani, ndiyo maana niko ofisini kwake. Uchaguzi uliofuata jina langu halikurudi kwenye kamati. Sijui kwamba kuna senti iliyopotea, na simtuhumu mtu wizi. Nataka tu usome tukio hili sambamba na lile la 2004. Kule aliyeonyesha tundu alisimamiwa na ukumbi mzima. Huku alionyeshwa mlango.

Nirudi kwenye simu, riziki yangu. Simu za GSM, zile za kizazi cha pili, zilikuja na kufuli za A5/1 na A5/2, na zote mbili zilifichwa jinsi zilivyotengenezwa. Wakati huo Mholanzi Auguste Kerckhoffs alikuwa ameshaandika tangu 1883 kwamba mfumo uwe salama hata adui akiupata wote, mradi ufunguo tu usimfikie. Hawakumsikiliza. Siri ikavuja kama maji kwenye mtumbwi mkuukuu, na CRYPTO 2003 Barkan, Biham na Keller walionyesha jinsi A5/2 inavyovunjwa chini ya sekunde moja, kwa kusikiliza tu mawimbi yaliyofungwa. M-Pesa iliingia Tanzania 2008. Menyu zetu za nyota na reli husafiri juu ya mtandao huohuo wa simu. Sisemi A5/2 bado inatumika, iliondolewa. Nasema iliondolewa kwa sababu watu waliivunja mbele ya watu. (Na kabla hujaniuliza: hapana, hakuna hesabu duniani itakayomzuia mteja wangu kumtumia fedha yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Hapo dawa ni jirani mkali.)

Tukio lingine linalonikaa rohoni ni la mwenye dola. Mwaka 2006 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo wa njia za kuzalisha namba za bahati nasibu kwa ajili ya funguo. Njia mojawapo iliitwa Dual EC. Katika kikao kilekile cha jioni, CRYPTO 2007, Dan Shumow na Niels Ferguson walionyesha kwamba aliyechagua namba fulani za mwanzo angeweza kuwa na mlango wa nyuma, wa kubashiri funguo za wengine. Hawakumtaja mtu, walisema tu mlango unawezekana. Nyaraka za siri za NSA alizovujisha Edward Snowden zilipotoka 2013, vidole vikaelekezwa hukohuko NSA, na 2014 njia hiyo ikaondolewa. Miaka 6 kabla ya Snowden, Mhariri, jambo lilikuwa limesemwa kwa dakika chache, bure, jioni.

Ukizipitia ratiba za miaka yote unaona jinsi fani ilivyobadilika mada, kama mtaala. Mwanzoni David Chaum anaota fedha za kidijitali zisizomfuatilia anayelipa. Kufikia 1990 Biham na Shamir wanaichimba DES, kufuli la mabenki. 1999 Paul Kocher na wenzake wanaacha kabisa kuishambulia hesabu, wanapima umeme unaotumiwa na kadi ya chipu inapofanya kazi, na umeme unawatajia ufunguo. Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu, maana mke wangu hujua kwamba kuna anayepiga pasi kwa kuangalia tu kasi ya mita ya LUKU. Siku hizi mojawapo ya mada zinazojaza ratiba ni kompyuta za kwanta, zinazokokotoa kwa kanuni za chembe ndogo kabisa za maumbile. Peter Shor alionyesha tangu 1994 kwamba kompyuta ya namna hiyo, ikiwa kubwa vya kutosha, ingezichambua zile namba zangu tasa kirahisi. Kwa hiyo watu wanatafuta kufuli za aina nyingine, na Agosti 2024 NIST ilitangaza viwango vitatu vya kwanza. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na mchujo wa wazi wa miaka. Mmoja wa waliofika fainali aliitwa Rainbow. Ward Beullens akaivunja ngazi yake ya kwanza ya usalama kwa wastani wa saa 53 kwenye laptopu ya kawaida, na kichwa cha makala yake CRYPTO 2022 kilisema hivyohivyo, kwamba wikendi moja na laptopu vinatosha. Bora wikendi ile kuliko wikendi fulani miaka kumi baadaye, fedha za watu zikiwa ndani.

Si kila kinachosomwa pale kina kazi. Makala nyingi ni mabingwa wakiwakwaruza mabingwa wenzao, na nyingine mimi mwenyewe huziacha ukurasa wa pili. Nauli ya Santa Barbara ni mtaji wa kibanda, na viza nayo ni mtihani. Adi Shamir, yule S wa RSA, mwaka 2019 alikosa viza ya Marekani kwenda kwenye mkutano wa kibiashara wenye jina linalotokana na herufi ya jina lake. Kama yeye, sembuse kijana wa Malimbe.

Ndiyo maana nataka kumjibu mwandishi wako kwa pamba na choroko. Januari 2008 huko Denmark, wakulima wapatao 1,200 wa viazi vya kutengenezea sukari walifanya mnada ambao bei ya soko ilipatikana bila mtu yeyote kuona zabuni ya mwenzake, hata mwendesha mnada. Kompyuta tatu ziligawana vipande vya siri, na hakuna moja iliyokuwa na siri nzima. Hesabu hiyo ya watu wengi kukokotoa pamoja bila kufunuliana ni tawi ambalo wasomi hawa wamelikuza tangu miaka ya themanini. Mkulima wa pamba au choroko wa Kwimba au Magu anayelalamika kwamba wanunuzi wameshajua bei kabla bahasha hazijafunguliwa angepaswa kuijua habari hiyo. Ataijuaje kama gazeti linamwambia haimhusu?

Bara letu lina mkutano wake wa fani hii, Africacrypt. Ulianzia Casablanca 2008, umefika Stellenbosch 2010, Dakar 2011, Cairo 2013, Douala 2024. Fuata miji hiyo kwa kidole kwenye ramani, utazunguka Afrika nzima na ziwa litabaki kavu katikati. Mwanza ina uwanja wa ndege, ina vyuo, ina kumbi pale Capri Point zinazofanya harusi kila wiki. Vyuo vyetu viombe uenyeji. Na wanaosimamia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 watuwekee maneno mepesi yanayoeleweka: kijana akiona tundu bila kuiba, akaripoti, anaripoti wapi na analindwaje. Kwa sasa, kijana wa namna hiyo akija kuniuliza, namwambia akae kimya mpaka apate mtu mzima wa kumsindikiza. Siyo ushauri ninaojivunia.

Mimi nimeanza kidogo. Nje ya kibanda nina ubao, na juu yake naandika zao la namba tasa mbili. Atakayezitaja anachukua kilo mbili za dagaa. Kalamu, karatasi na kikokotoo cha kawaida vinaruhusiwa. Ya kwanza ilikuwa 8,633. Mbebaji mizigo wa Mwaloni aliifuata kwa kugawanya tu, namba baada ya namba, akapata 89 na 97 kabla ya adhuhuri. Ya pili nikaweka 1,022,117 nikiamini itanipa wiki. Binti wa kidato cha tatu alikuja asubuhi iliyofuata. Alitafuta kipeo cha pili, akaona kinakaribia 1,011. Akazidisha 1,011 kwa yenyewe, akapata 4 zaidi ya namba yangu, na hapo akajua jibu ni 1,011 ukiondoa 2 na 1,011 ukiongeza 2. Nilikuwa nimechagua namba tasa mbili majirani, 1,009 na 1,013. Kosa hilohilo mwaka 2022 lilikutwa kwenye funguo halisi za mashine za kuchapa zilizokuwa sokoni. Wachuuzi walimpigia makofi binti, nami nikapiga.

Ya tatu haina majirani, na bado iko ubaoni: 21,705,979. Mwandishi wako anakaribishwa, dagaa ni wa Ukerewe.

Mwalimu mstaafu wa hesabu,
Kirumba, Mwanza